Hali Gani

Ruwi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa.
Nimeajiriwa kumfunza wakala.

Si yule wa chini, Khalfani bin Mahfudhi,
mwenye mihuri mitatu na kalamu ya kijani sikioni,
anayeleta wafanyakazi wa nyumbani kwa fomu na kwa simu.
Wangu hana sikio. Anasoma barua, anajibu,
anafungua faili, anafunga,
na usipomwekea mipaka anabuni:
juzi alimwandikia mama mmoja wa Barka
binti yako wa kazi yumo ndegeni,
na binti alikuwa Voi bado, kwenye foleni ya picha ya kifua.

Ndipo nikachora. Viduara na mishale.
Kiduara ni hali, mshale ni mpito,
na kila mshale una sharti lake shingoni:
ameomba, aende amepimwa, kifua kikiwa safi;
amepimwa, aende ana viza, ada ikilipwa;
ana viza, aende yuko kazini, mwajiri akitia sahihi.
Pasipo mshale hakuna njia.
Wakala hata akitamani hawezi kuruka ukuta.
Nililala usiku ule kama mtu aliyemaliza deni.

(Kwetu Mabela tunapigiana simu mara nne kutwa:
hali? Njema. Hali? Njema.
Mashine ya hali moja, na mshale wake
unatoka njema, unajizungusha, unarudi njema,
hata siku ile baba amelazwa.)

Asubuhi chombo kikanionya kwa rangi ya manjano:
hali ya "ametoroka" ina mishale mitatu ya kuingia,
wa kutoka hakuna. Je, umekusudia?
Chini yake kitufe: ifanye ya mwisho.
Ukibonyeza, onyo linafutika.
Khalfani akainama juu ya bega langu, ananukia udi na kahawa.
"Bonyeza. Mtoro ni mtoro. Faili lifungwe."

Faili lilikuwa moja tu mle, namba mia nne kumi na saba.
Kadzo Ngumbao, wa Ganze, miaka ishirini na sita.
Namjua. Anakaa ngazi ya pili,
mfuko wa plastiki magotini, kandambili za mwajiri miguuni,
amekuja kudai mishahara ya miezi mitano.
Mtoro gani huyo anayeripoti ofisini kila siku saa mbili,
kabla hata mwenye funguo hajafika?
Simu yake ina ufa. Akanionyesha alivyojibiwa na wakala wangu,
kwa Kiswahili changu, kwa adabu nilizomfunza mimi:
Habari dada Kadzo. Hali yako: umetoroka.
Kuna jingine nikusaidie?
"Nimetoroka wapi," akaniuliza, "na mimi niko hapa?"

Sikubonyeza.
Nilivuta mshale, kutoka ametoroka kwenda anasikilizwa.
Chombo kikadai sharti. Bila sharti mshale hausimami.
Nikaandika: akithibitisha. Nikafuta. Athibitishe nini, kwa nani?
Nikaandika: mwajiri akikubali. Nikafuta haraka, kama aliyetukana.
Mwisho nikaandika neno moja, yupo,
na chombo kikalipokea, maana ni la ndiyo au hapana.

Mshale sasa ni wa vidoti tu, kijivu,
mpaka Khalfani auidhinishe,
na Khalfani kaenda Salala hadi Jumapili.
Nimeujaribu kwa faili la bandia: unapita.
Kwa faili la kweli: unasubiri ruhusa.

Saa saba nikashuka kununua maji, chupa mbili.
Joto la Ruwi limekaa juu ya lami kama pasi iliyosahauliwa.
Kadzo akasogea kunipisha ngazini.
"Hali?" akaniamkia.
Nikatafuta mshale.